Mdogo wangu ameitwa timu ya kampuni Japan, waliokimbia kule naombeni uzoefu

kaka_mkubwa
Wakuu habari za humu. Mdogo wangu anakimbia elfu tano na elfu kumi, sasa ameitwa na timu ya kampuni moja huko Japan, mkataba wameshatuma, mama anafurahi huku analia. Mimi Japan naijua kwa Juma Ikangaa tu, yule mkimbiaji wetu wa marathoni, alivyobeba marathoni ya Tokyo 1984 na 1986 halafu na Fukuoka mwaka huo huo wa 86, wazee walitusimulia mpaka tukakariri. Ila yule alikuwa anaenda anakimbia anarudi zake, huyu dogo anaenda kuishi. Nasikia kule kitu kikubwa ni mbio za kupokezana barabarani na mgeni anapewa kipande kidogo tu, sasa mwaka mzima atakuwa anafanya nini? Na bwenini akiwa peke yake mgeni inakuwaje? Naombeni ukweli msinifiche.

mkimbiaji_nyahururu
Kaka pole na hongera kwa pamoja. Mimi ni wa Nyahururu hapa Kenya, nilienda nikiwa wa shule halafu nikaingia timu ya kampuni. Sisi wa huku tulimfuata Samuel Wanjiru, aliingia sekondari ya Sendai Ikuei huko Japan 2002 akiwa bado mtoto na 2008 tukamuona Beijing anashinda marathoni ya Olimpiki kwa 2:06:32 kwenye lile joto, na kabla yake Mkenya mwenzetu Douglas Wakiihuri alikuwa ameishi na kufanya mazoezi Japan kabla ya kuchukua dhahabu ya dunia ya marathoni Rome 1987. Kwa hivyo njia ilikuwa imefunguliwa zamani.

Hizo mbio zinaitwa ekiden. Hakuna kijiti, kuna tasuki, mkanda wa kitambaa unaovaa begani unapita kwapani na ncha unachomeka kwenye kaptula usipeperuke. Ukikaribia kituo unauvua unauzungusha mkononi, mwenzako amesimama kwenye mstari anakuita jina anapunga mikono yote miwili. Unaupokea umelowa jasho la watu waliotangulia, baridi ya Januari inaugandisha karibu uwe barafu, unauvaa hivyo hivyo unaondoka. Nimekimbia mbio nyingi za hela lakini hakuna iliyowahi kunishika moyo kama hiyo. Na kuna sheria moja kali, timu ikichelewa sana kituoni waamuzi wanaruhusu wanaofuata waondoke bila kusubiri, basi yule anayekuja nyuma anafika na tasuki mkononi na hakuna wa kumpa. Niliona kijana wa timu jirani yamemkuta hayo, alipiga magoti palepale barabarani akaukumbatia ule mkanda analia, na makocha wa timu zingine walikuja wakamuinamia. Mimi niliyezoea kila mtu na mbio zake nilikaa na hiyo picha wiki nzima.

Kuhusu kipande, ni kweli. Ile kubwa ya makampuni inakimbiwa tarehe 1 Januari kule Maebashi, kilomita 100 vipande saba, na mgeni anaruhusiwa kimoja tu. Enzi zetu kilikuwa cha pili, kilomita 8.3, wageni wote mnapangwa humo kwa hivyo unakuta umezungukwa na Wakenya watupu mnauana kwa spidi. Lakini dogo hatakaa bure, kuna mbio za uwanjani karibu msimu wote, na kiangazi timu nyingi zinakimbia joto zinaenda kambi Hokkaido. Tena faida yake ni mshahara kila mwezi, sio kusubiri zawadi. Ukiumia bado unalipwa ilimradi mkataba uko hai, hapo ndipo nilijengea wazazi nyumba.

Asichozoea ni lami. Kilomita ni nyingi, asubuhi kabla jua mko nje mnajogi kwa kundi, miguu iliyokulia kwenye udongo inalia. Aombe kukimbia kwenye nyasi mapema, asingoje maumivu.

dada_wa_mbio
Naongezea upande wa wanawake na maisha ya bweni maana hapo ndio penye mtihani. Sisi fainali yetu iko Miyagi mwezi wa 11, vipande sita, na mgeni ni cha nne, kilomita 3.6 basi. Unafanya mazoezi mwaka mzima kwa ajili ya dakika kumi na moja na kitu, lazima uwe na moyo.

Bwenini kuna bafu la pamoja, bwawa la maji moto. Kwanza unakaa kwenye kigoda unajisugua na kujisuuza mpaka povu lote litoke ndio unaingia, na mnaingia wote bila nguo. Mimi nilikataa muda mrefu kwa aibu, naoga usiku wa manane wakishalala. Kuna mkubwa wetu wa timu akanigundua, hakusema neno, akawa ananisubiri koridoni nimalize ili nisirudi chumbani peke yangu gizani. Siku nilipoingia nao ndipo nikaanza kuelewa hata utani wao, kwa sababu mle ndani ndio wanaongea, mezani wamenyamaza. Kwa hiyo kaka mwambie asijifungie na simu, lugha ataipata kwenye maji moto haraka kuliko darasani.

kaka_mkubwa
Dah nimesoma mara mbili, nimemsomea na mama. Asanteni sana jamani. Sasa kwenye mkataba kuna kitu kinanitia wasiwasi, wakala anasema pasipoti atamtunzia yeye "kwa usalama". Ni kawaida?

mkimbiaji_nyahururu
HAPANA kaka. Pasipoti anakaa nayo mwenyewe, na kadi ya ukaazi atakayopewa uwanja wa ndege anatembea nayo kila mahali, ndio sheria ya kule. Mwenzangu mmoja alifiwa na baba na pasipoti iko kwa mtu mji mwingine, alizika kwa simu. Mwambie wakala kwa maandishi kabla ya kusaini, na mkataba msomewe na mtu anayejua Kijapani ambaye hajaletwa na huyo wakala. Akigoma niandikie inbox leo leo nikuunganishe na vijana walio kule sasa hivi.