Uzi wa waliowahi kusimamisha DHIS2 kwenye laptopu: tupeane uzoefu, ilikwamia wapi?

Mpiga_amri (mwanzisha uzi)

Wakuu, kuna vijana wanataka kuchangia msimbo wa DHIS2 na wanakata tamaa kabla hawajauona hata ukurasa wa kuingilia. Mfumo wenyewe hauhitaji utambulisho. Takwimu za afya za wilaya zetu zinapita humo, Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011, kiini chake kinaendelezwa Chuo Kikuu cha Oslo na msimbo uko wazi kwa leseni ya BSD. Ila kuutumia ni kitu kimoja, kuusimamisha kwenye mashine yako ni kingine.

Leteni mahali panapokwama, ujumbe wa kosa na dawa yake. Wale wa "soma nyaraka" piteni kimya kimya.

Naanza na njia fupi, ya Docker (inawasha programu ndani ya konteina, yaani kisanduku chenye kila inachohitaji):

`git clone --depth 1 https://github.com/dhis2/dhis2-core.git`
`cd dhis2-core`
`DHIS2_IMAGE=dhis2/core-dev:latest docker compose up`

Inashusha imeji (kifurushi kinachozaa konteina), inashusha hifadhidata ya majaribio ya Sierra Leone, inaiingiza kwenye PostgreSQL (programu ya hifadhidata), kisha inawasha seva. Fungua `http://localhost:8080`, jina `admin`, paswedi `district`. Usifungue kivinjari dakika ya kwanza ukaanza kulalamika. Fuatilia `docker compose logs -f web` mpaka uone "Server startup in". Kabla ya hapo, ukurasa mweupe au 404 ni kawaida.

bando_limekata

Hiyo `--depth 1` iandikwe kwa wino mwekundu. Ripo (hazina ya msimbo) ina historia ya miaka mingi. Ukikloni yote kwa bando la simu, ikikatika katikati unapata "early EOF" na git haiendelei ilipoishia, inaanza upya. Ukija kuihitaji historia, `git fetch --unshallow`.

Kaka_Mkubwa

Docker ni ya kuonjea. Anayetaka kubadilisha msimbo wa Java ajifunze kubildi mwenyewe (kugeuza msimbo uwe programu). Na hapo ndipo Maven (chombo cha kubildi Java) inapomtoa mtu machozi, hasa kwa intaneti yetu.

Bild inashusha mamia ya majari (vifurushi vya Java) kwenda `~/.m2/repository`. Umeme ukikatika au bando likiisha katikati, Maven haikwambii "ngoja mtandao urudi". Inaandika kifaili chenye mkia `.lastUpdated` kando ya kile kilichoshindikana, na ukiwasha tena inakataa hata kujaribu: "This failure was cached in the local repository". Mtandao umerudi, kivinjari kinafungua kila kitu, Maven imegoma. Mtu anafuta ripo nzima, anakloni upya, kosa lile lile, kwa sababu tatizo halimo kwenye ripo, limo kwenye `.m2`. Dawa:

`mvn clean install -U -DskipTests -f dhis-2/pom.xml`

`-U` ndiyo inayoilazimisha iulize tena. Kama bado, futa vile vifaili tu:

`find ~/.m2 -name "*.lastUpdated" -delete`

Mbaya zaidi ni jari lililoshuka nusu. Hilo Maven inaamini ni zima, halafu mkusanyaji (compiler) anapiga kelele "error in opening zip file" au "invalid LOC header". Soma njia ya faili kwenye ujumbe wenyewe, futa folda ya tegemezi hiyo moja, rudia. Usifute `.m2` yote, utalipia bando mara ya pili.

Na `-DskipTests` usiiache. Majaribio yote ya mradi huu si ya kuendesha ili tu uone ukurasa wa kuingilia.

zuhura_psql

@Kaka_Mkubwa ongeza toleo la Java. Kuanzia DHIS2 2.41 ni JDK 17 (Java ya watengenezaji). Mtu anapiga `java -version` anaona 17, bild inasema "release version 17 not supported", anachanganyikiwa. Apige `mvn -v`. Maven inaifuata JAVA_HOME, na JAVA_HOME mara nyingi bado inaelekea 11 ya zamani.

Tomcat (seva inayoibeba DHIS2) nayo: 2.41 inakaa kwenye Tomcat 9, 2.42 inataka 10.1 kwa sababu ya kuhama kutoka `javax` kwenda `jakarta`. Ukiweka war (faili la DHIS2 lililobildiwa) ya 2.42 kwenye Tomcat 9 unaweza kupata 404 tupu bila kosa la maana kwenye logi, ukaanza kutafuta mchawi kwenye hifadhidata.

Mtumwa_wa_RAM

"Docker ni ya kuonjea" kivipi? Sisi wenye GB 8 na Windows tunaponea humo humo.

Kaka_Mkubwa

Wenye GB 8 na Windows ndio hasa hawatakiwi kuigusa. WSL2 (Linux ndani ya Windows, Docker inakaa humo) kwa kawaida inachukua hadi nusu ya kumbukumbu. Zimebaki 4, humo kuna PostgreSQL, kuna Java, na wewe una kivinjari chenye vichupo arobaini.

Mtumwa_wa_RAM

Ndiyo maana kuna `.wslconfig`. Kwenye folda yako ya mtumiaji Windows, andika:

`[wsl2]`
`memory=6GB`

Kisha `wsl --shutdown`, washa tena. Konteina ikizimika na namba 137, hiyo ni 128 kujumlisha 9, yaani imeuawa kwa ishara ya 9, na mara nyingi muuaji ni ukosefu wa kumbukumbu. Hakikisha kwa `docker inspect`, tafuta `OOMKilled`. Ikisema `true`, acha kusoma logi za Java, hazina kosa.

Na ripo usiiweke `/mnt/c`. Iweke ndani ya Linux yenyewe, `~/kazi/dhis2-core`. Kuvuka kwenda diski ya Windows kwa kila faili kunafanya bild itambae.

mzee_wa_vim

Kwa Windows msisahau miisho ya mistari. Git ya Windows inaweza kugeuza LF kuwa CRLF, skripti ikaingia kwenye konteina na kufa kwa "bad interpreter" yenye `^M` mwishoni. `git config --global core.autocrlf input`, halafu kloni upya. Au nunueni mashine ya Linux muache kutusumbua 😂

bando_limekata

Tuchangie basi mzee.

zuhura_psql

Kwa wasiotumia Docker, PostgreSQL pekee haitoshi. Inahitajika PostGIS (kiongezi cha data za ramani), pamoja na `btree_gin` na `pg_trgm`. Ukiingiza nakala ya Sierra Leone bila PostGIS unapata `type "geometry" does not exist`, halafu makosa mia yanafuata nyuma yake. Yote ni watoto wa lile la kwanza, usiyahangaikie. Kwa Ubuntu, kama PostgreSQL ni 14:

`sudo apt install postgresql-14-postgis-3`

Namba ya kwanza lazima ilingane na toleo la PostgreSQL lililopo, la sivyo "could not open extension control file". Kisha kama mtumiaji `postgres`, si kama `dhis`:

`createuser -P dhis`
`createdb -O dhis dhis2`
`psql -d dhis2 -c "create extension postgis"` (rudia kwa hizo mbili)

Jaribu nakala kabla ya kuiingiza: `gzip -t dhis2-db-sierra-leone.sql.gz`. Ikikaa kimya ni nzima. Ikisema "unexpected end of file" ilishuka nusu. Ikipita:

`gunzip -c dhis2-db-sierra-leone.sql.gz | psql -U dhis -h localhost dhis2`

`dhis.conf` kwa mashine ya nyumbani haizidi mistari michache: `connection.driver_class = org.postgresql.Driver`, `connection.url = jdbc:postgresql://localhost/dhis2`, jina na paswedi. Iwe ndani ya folda inayotajwa na `DHIS2_HOME`, `chmod 600`. Wanaochanganya Docker na mkono wakumbuke `localhost` ndani ya konteina ni konteina yenyewe. Hapo unaandika jina la huduma, `db`, vinginevyo "Connection refused" mpaka kesho.

Mpiga_amri

Uzi umenoga. Na wale wa "address already in use" kwenye 5432? Ni PostgreSQL ya mashine yenyewe iliyojiwasha pamoja na kompyuta. `sudo ss -ltnp | grep 5432` utaiona.

Daktari_wa_Seva

Hizo za poti na RAM ni mafua tu. Kuna hii, na inatokea zaidi ya mnavyodhani.

Programa anahangaika na kosa linaloonekana kwenye seva ya kazi peke yake, kwenye data ya Sierra Leone halijitokezi. Anaomba nakala ya hifadhidata halisi, anapewa kwa flashi. Ili asisumbuke, anachukua na `dhis.conf` ya seva vilevile, anabadilisha `connection.url` tu. Inawaka, anafurahi, anaiacha inawaka usiku.

Ratiba za kazi za DHIS2 hazikai kwenye seva, zimo ndani ya hifadhidata. Kwa hiyo mpangaji wa kazi naye ameamka. Saa ya vikumbusho inafika, anaangalia nani ana miadi ya kliniki, anatuma. Anwani ya huduma inayotuma SMS imo ndani ya hifadhidata, siri yake imefungwa kwa `encryption.password`, na ufunguo huo umekuja na `dhis.conf`. Laptopu iliyoko mezani sebuleni inatuma ujumbe wa kweli kwa namba za kweli. Mama aliyekwisha jifungua anaitwa kliniki ya wajawazito. Mwingine anapata ujumbe ule ule mara mbili, mmoja wa seva, mmoja wa sebuleni. Asubuhi simu za wilaya hazipumziki, na kwenye logi za seva halisi hakuna kitu, kwa sababu si seva iliyotuma.

Kama ni lazima ushike nakala halisi, kabla ya kuwasha seva ingia `psql`:

`update jobconfiguration set enabled = false;`
`delete from systemsetting where name like 'keyEmail%';`

Weka `encryption.password` yako mwenyewe, angalau herufi 24, usibebe ya seva. Siri ya huduma ya SMS itashindwa kufunguka, iache ishindwe. Na uwashaji wa kwanza zima Wi-Fi.

mzee_wa_vim

Duh.

bando_limekata

Ya sebuleni imenimaliza.

zuhura_psql

Daktari, mimi nasema hiyo "kama ni lazima" isiwepo kabisa. Majina na hali za kiafya za watu kwenye flashi? Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya kuna ya 2019, na zote mbili zinahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Toa metadata (mipangilio ya mfumo bila data za wagonjwa) peke yake kwa app ya Import/Export, ondoa alama kwenye watumiaji, ingiza kwenye hifadhidata tupu, tengeneza wagonjwa wa uongo wachache.

Daktari_wa_Seva

Metadata haitakupa kosa linalotokana na data chafu. Mgonjwa wa uongo ana tarehe nzuri. Wa kweli kazaliwa 2091.

zuhura_psql

Basi mtengeneze wa uongo aliyezaliwa 2091. Kigumu kipi?

Kaka_Mkubwa

😂😂 Daktari kashikwa.

Mtumwa_wa_RAM

Turudi kwenye kazi. Wa frontend: app mpya inakaa `localhost:3000`, DHIS2 iko 8080. Ukijaribu kuingia inagoma na kivinjari kinataja CORS (ruhusa ya anwani moja kuzungumza na nyingine). Nenda System Settings, sehemu ya Access, ongeza `http://localhost:3000` kwenye orodha ya CORS, bila mkwaju (/) mwishoni. Wanaoelekeza kwenye seva ya mbali watumie `--proxy` ya `d2-app-scripts start`, maana vidakuzi vya tovuti nyingine vinazuiwa. Ila proksi hiyo nayo inapenda 8080. Kama una DHIS2 yako inawaka hapo, ipe poti nyingine kwa `--proxyPort`.

kijana_wa_Tandika

Wakuu, ninayo tayari DHIS2 niliyoiwasha kwa toleo la dev (la maendeleo). Nimerudi kwenye 2.41 kwa hifadhidata ile ile, inasema "Validate failed", Flyway sijui nini. Nifute yote?

mzee_wa_vim

Futa yote. Kila tatizo duniani linatibika kwa `docker compose down -v`.

zuhura_psql

Usimsikilize huyo kama kuna kitu umetengeneza humo, `-v` inaondoka na data. Flyway, inayosasisha muundo wa hifadhidata, imeshabadilisha majedwali kwenda toleo la mbele, na hakuna njia ya kurudi nyuma. Hifadhidata ya dev inabaki ya dev. Kwa 2.41 unda nyingine, `dhis2_241`, ingiza nakala ya Sierra Leone ya toleo hilo hilo. Yenye kazi yako usiiguse.

kijana_wa_Tandika

Imeingia, nimefungua. Ila dashibodi zote zina alama ya kosa, chati hata moja haionekani.

zuhura_psql

Majedwali ya uchanganuzi hayajatengenezwa, hayaji na nakala. Data Administration, Analytics Tables, au kwa amri:

`curl -u admin:district -X POST "http://localhost:8080/api/resourceTables/analytics?lastYears=2"`

Hiyo 2 inahesabiwa kutoka mwaka huu kurudi nyuma. Data ikiwa ya zamani zaidi ya hapo chati zitabaki tupu, ongeza namba. Na funga vichupo kwanza, itakula processor zote.