Kikundi cha familia ya Katuba, Lubumbashi: nyumba ya Jean-Luc na Solange

Jean-Luc: Jambo familia. Tumepata nyumba Kalubwe. Vyumba vinne, kisima ndani ya parseli (kiwanja), ukuta pande zote. Mwenyewe anataka dola 62 000. Akiba yetu ni 22 000, na banki ambako mshahara wangu unapitia imekubali kutukopesha 40 000. Komisioneri, yule dalali wa nyumba, anasema kuna mtu mwingine anakuja kesho, nitoe 5 000 leo ya kushika nyumba. Wakubwa, mnasemaje?

Yaya (dada mkubwa) Odette: Mungu asifiwe! Watoto watano chumba kimoja, na Mama akija kutembea analala sebuleni. Ni wakati mtoke pale. Mshahara wako unaingia kwa dola ao franka?

Jean-Luc: Dola, yaya. Mkopo pia ni wa dola.

Yaya Odette: Hapo sawa. Riba?

Jean-Luc: 12% kwa mwaka. Miaka 5 ni dola 890 kwa mwezi, miaka 10 ni 574. Tunapendelea 10, tupate kupumua.

Baba mdogo: Usitoe hata dola moja leo. Sertifika ya ardhi umeiona?

Jean-Luc: Foto kwenye simu, baba mdogo. Na fishi parselere, ile karatasi ya parseli.

Baba mdogo: Foto haitoshi, na fishi si mali. Tangu sheria ya 1973 ardhi yote ni ya Leta, yaani serikali, mtu ana haki ya kuikaa tu, na haki hiyo inaonyeshwa na sertifika. Banki haiwezi kuandika rehani juu ya fishi. Chukua namba za Volume na Folio, yaani kitabu na ukurasa, tuende kwa konservateri, yule anayeshika vitabu vya ardhi, afungue kitabu mbele yetu. Tuone jina ni la nani, kama kuna rehani ya mtu mwingine imeandikwa pale, kama kuna kesi. Na angalia konsesyo, yaani ile haki ya kukaa, ni ya aina gani. Ya kudumu ni nzuri. Ile ya kawaida inatolewa kwa miaka isiyozidi 25 kwa mara moja. Kama imebaki miaka michache, anayeuza aifanyie upya kwanza kwa pesa yake.

Baba mdogo: Na sertifika ikiwa haijafika miaka 2, uliza mara mbili. Bado mtu anaweza kuipinga mbele ya tribinali.

Solange: Asante baba mdogo. Banki imeniita na mimi nisaini, kwa sababu nyumba ya bibi na bwana haiwekwi rehani mmoja akiwa hajakubali. Mimi nataka bibi wa anayeuza asaini vilevile. Jana tulipoenda hakutokea, na kila nilipomtaja, bwana yake alibadilisha habari.

Yaya Odette: Umeona vizuri sana, Solange. Huyo mama tumsikie kwa mdomo wake.

Yaya Odette: Sasa hesabu, nimeifanya kwa karatasi. Miaka 5 mtarudisha karibu 53 400. Miaka 10, karibu 68 900. Ni dola 15 000 na zaidi za kununua pumzi. Mwezi wa kwanza, kwenye ile 574, dola 400 ni riba. Deni linapungua 174 tu.

Jean-Luc: 174?? Hilo banki hawakuniambia.

Yaya Odette: Liko kwenye tablo ya malipo, waombe. Lakini miaka 10 siikatai. Kampuni yako ni ya sutretansi, inafanyia kampuni nyingine kazi, kontra inaweza kuisha. 890 kila mwezi bila kazi itawaua. Nyumba ya Katuba mtaifanya nini?

Jean-Luc: Tulifikiri kuipangisha.

Solange: Mimi nilisema tuiuze. Jirani ametaja 18 000.

Yaya Odette: Solange ana haki. Ichukueni miaka 10, mhamie. Mkiuza Katuba baada ya mwaka mmoja, 18 000 yote iingie kwenye deni, muendelee na 574 ileile. Mtamaliza chini ya miaka 5. Ila kontra ya banki iandike kwamba mnaweza kulipa mbele ya wakati bila faini, na kwamba wanapunguza miaka, si malipo ya mwezi. Kama haikuandikwa, msisaini.

Baba mdogo: Mutasyo (kubadilisha jina kwenye sertifika), notere wa kuandika mapatano, kuandika rehani, hizo zote ni pesa. Na akiba yenu imeishia kwenye bei. Shusheni bei. Mkibaki bila hata miezi mitatu ya malipo mkononi, nitakataa mbele ya kaka yangu na mbele ya watu wote.

Solange: Nilimwambia 57 000. Hakukasirika.

Yaya Odette: Ulizeni asiransi (bima) pia. Ile ya mkopo inalipa mtu akifariki. Kama inalipa akipoteza kazi, waonyeshe palipoandikwa.

Jean-Luc: Nimempigia komisioneri. Nimesema hakuna 5 000 mpaka tutoke kwa konservateri, na pesa itapita kwa notere. Amekasirika. Baada ya dakika kumi ametuma Volume na Folio.

Baba mdogo: Na yule mtu wa kesho?

Jean-Luc: Hakumtaja tena.

Baba mdogo: Basi Jumatatu asubuhi tukutane mbele ya biro. Njoo na kitambulisho.

Solange: Yaya, tablo ya banki ninakutumia jioni hii.