Naomba ushauri: RV-10 au Sling TSi kwa safari za familia kutoka Arusha?

Wakuu, habari za leo. Nina leseni ya urubani binafsi na nataka kujenga mwenyewe ndege ya watu 4: mimi, mke wangu na watoto wawili wanaokua haraka. Safari zetu kubwa ni Zanzibar, Pemba na Mafia.

Nimebaki na mbili. RV-10 ya Marekani, injini ya Lycoming ya nguvu farasi 260, ina kasi na uzito wake wa juu wa kuruka ni kilo 1,225. Ila haina turbo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi pale hewa inapokuwa nyepesi), na Arusha tuko karibu mita 1,390 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa jua kali injini ya namna hiyo inapungukiwa nguvu. Tena inatumia avgas (petroli maalumu ya ndege), ambayo huku haipatikani kila kiwanja. Sling TSi ya Afrika Kusini ina injini ya Rotax yenye turbo, farasi 141, inakubali petroli ya kawaida ya gari, lakini uzito wake wa juu wa kuruka ni kilo 950.

Nimepiga hesabu za uzito. Leo Sling inatubeba vizuri. Watoto wakifika kilo 60 kila mmoja, itabidi nipunguze mizigo au mafuta, na kwa kuvuka bahari mafuta siyabani kamwe.

Kwa mliorusha ndege za aina hii kutoka viwanja vya juu, mngechagua ipi? Na mliojenga hapa nchini: mkaguzi wa TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) anatakiwa aone mbavu za bawa kabla sijafunga bati la mwisho?