Kwa nini cheti cha Houston kigongwe muhuri Austin?

Kutoka: Katy (kitongoji cha Houston, kama walikotoka wengine hapa chini)
Ndugu zangu, salaam. Cheti cha kuzaliwa cha mwanangu, aliyezaliwa hapa hapa Houston, nilikituma Austin, makao makuu ya jimbo la Texas, kithibitishwe kabla ya kwenda Washington na kisha ubalozini, nacho kimerudi bila muhuri wala maelezo. Je, nilipe ada upya? Na jiji kubwa namna hii linakosaje ofisi hiyo?

Kutoka: Sugar Land
Pole dada, changu nacho kilirudi. Houston iliwahi kuwa makao makuu ya Jamhuri ya Texas, ilipokuwa nchi huru, tangu 1837 hadi 1839. Augustus Allen na mdogo wake John, waliotoka New York, walinunua ardhi kando ya mto Buffalo Bayou mwezi Agosti 1836, wakaupa mji jina la Sam Houston, jenerali aliyewashinda Wamexico pale San Jacinto mwezi Aprili, wakatangaza gazetini kuwa mahali hapo pana afya na upepo mwanana wa baharini.

Kutoka: Alief
Kaka, usiwapigie debe madalali. Hao ndugu Allen walianza kuutaka mji jirani wa Harrisburg, uliochomwa moto na jeshi la Santa Anna, jenerali wa Mexico, wakakwama kwa sababu mirathi ya marehemu mwenye ardhi ilikuwa na kesi. Jina nalo, kwa maoni yangu, lilikuwa chambo, kwa kuwa Sam Houston alichaguliwa rais wiki chache baadaye na mwezi Novemba Bunge likauchagua mji huo uwe makao makuu. Meli ya Laura ilipokwenda huko Januari 1837, ilichukua siku tatu kumaliza maili 12 za mwisho kwa wingi wa magogo mtoni, na waliotangulia kwa mashua waliupita mji bila kuuona.

Kutoka: Pearland
Shikamoo mzee. Rais Lamar, hasimu wa Sam Houston, ndiye aliyehamishia serikali Austin mwaka 1839. Houston aliporudi madarakani alituma watu mwishoni mwa 1842 wakazichukue nyaraka za serikali. Angelina Eberly, mwenye nyumba ya wageni, akawafyatulia mzinga, na karatasi zimebaki Austin hadi leo. Sisi Watanzania tuliamua kuhamishia serikali Dodoma mwaka 1973, na mafaili yalikaa Dar miaka mingi bila mzinga wowote.

Kutoka: Alief
Marahaba, lakini tuwe makini. Mzinga uligonga jengo la Ofisi ya Ardhi, hakuna aliyeumia, na mikokoteni iliondoka na nyaraka; wakazi ndio walioifuata hadi ngome ya Kenney's Fort, wakazirudisha.