Majenerali wa Hitler: waliponzwa na bosi wao, au walijiponza wenyewe?

Wakuu, heshima kwenu.

Kila tukigusa Vita vya Pili vya Dunia lazima atokee wa kusema majenerali wa Kijerumani walikuwa vichwa, tatizo ni Hitler, koplo aliyejifanya jemadari akawaharibia kazi. Mimi napinga, hasa kwa upande wa Urusi.

Mchukueni Franz Halder, mnadhimu mkuu wa jeshi la nchi kavu. Mwanzoni mwa Julai 1940, Hitler hajatoa amri, yeye alishawaagiza maofisa wake waanze kuchora namna ya kuipiga Urusi. Uvamizi ukaanza 22 Juni 1941. Tarehe 3 Julai akaandika kwenye shajara yake kwamba vita ile imeshapatikana ushindi ndani ya wiki mbili. Tarehe 11 Agosti, shajara ileile: tulikadiria adui ana divisheni kama 200, sasa tumeshahesabu 360. Makadirio hayo yalipikwa na wanajeshi. Na ile Amri ya Makomisaa ya 6 Juni, kwamba makomisaa wa kisiasa (maofisa wa chama cha kikomunisti ndani ya jeshi la Urusi) wakikamatwa wapigwe risasi? Nayo iliandaliwa na maofisa makao makuu, wamekaa mezani.

Sasa sifa za uvichwa zilitoka wapi? Vita imeisha, Hitler kafa, Keitel na Jodl, majenerali wakuu wa makao makuu yake, wamenyongwa Oktoba 1946. Jeshi la Marekani likamchukua Halder awasimamie maofisa wenzake wa zamani kuandika historia ya vita waliyoshindwa. Mshtakiwa kapewa kalamu ya karani wa mahakama! Mwaka 1961 wakampa na nishani.

— Mkuu, unapitiliza. Stalingrad ni nani aliyemkatalia Paulus, jenerali ambaye jeshi lake lilizingirwa na Warusi, asitoke? Na Ufaransa 1940, ile ya kupenya msitu wa Ardennes, si akili ya Jenerali Manstein?

— Stalingrad sibishi, ni ya Hitler, na Göring, mkuu wa jeshi la anga, aliyeahidi kulisha jeshi zima kwa ndege. Ila kwa Ardennes umejifunga mwenyewe, ndugu yangu. Manstein alipoleta wazo lake, Halder na bosi wake Brauchitsch, kamanda mkuu wa jeshi la nchi kavu, walilikalia, yeye wakamhamishia Stettin, mji wa kaskazini-mashariki mwa Ujerumani ya wakati huo. Februari 1940 aliyemsikiliza ni Hitler, ndipo Halder naye akalishika. Kwa hiyo ushindi huo ama uutoe kwenye orodha yako, ama umgawie koplo nusu yake.