Wakuu naomba ushauri: kijana wangu anataka kuwa kwotabeki, hivi kwotabeki mzuri anatambulikaje?

BabaTumaini

Habari za jioni wakuu. Mi naishi Columbus, Ohio, mwaka wa kumi na mbili sasa, natokea Morogoro, mpira niliokulia ni wa miguu na huu wa Kimarekani nimeanza kuufuatilia kwa sababu ya mtoto tu. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 15, yuko mwaka wa kwanza haiskuli, anacheza timu ya wadogo na nafasi yake ni kwotabeki, yule anayesimama nyuma ya senta (mtu wa katikati anayeanzisha mchezo kwa kuachia mpira nyuma), anapokea mpira alafu anaamua ampe mtu akimbie nao au aurushe na kwa nani.

Sasa kocha wa shule kaniita juzi, kaniambia mtoto ana mbio sana, anaona afadhali ahamie risiva, yani awe wa kukimbia na kudaka. Wakati huohuo kuna bwana mmoja anafundisha makwotabeki kwa malipo, kamwona mara moja tu uwanjani akaniambia huu mkono ni dhahabu, nimlete mara mbili kwa wiki, dola 95 kwa saa. Mi napiga shifti ya usiku ghalani, mama yake anatunza wazee, hiyo hela kwetu ni kodi ya nyumba hiyo.

Alhamisi iliyopita nilienda kumwangalia. Karusha mpira mmoja mrefu kama yadi 45, umetua mikononi mwa mwenzake kama umewekwa, wazazi wote wakasimama. Mechi hiyohiyo mipira yake mitatu imenyakuliwa na wapinzani. Baada ya ule wa tatu akavua helmeti, akaenda kukaa mwisho wa benchi peke yake, kafunika uso na taulo hadi mechi inaisha. Kwenye gari njia nzima kimya, anabandua na kubandika ile kadi ya michezo wanayovaa mkononi, kraa, kraa, mpaka tumefika nyumbani.

Swali langu, kwotabeki bora anatambulika kwa nini hasa? Ni mkono, ni mbio, ni kimo, ni akili? Nataka nijue kabla sijatoa hela na kabla sijamjibu kocha.

Mwana_Ubungo

Mkono mkuu. Vingine vyote vinafundishika ila mkono mtu anazaliwa nao. Kama ana miaka 15 na anafikisha yadi 45 usimhamishe popote.

Laini60

Mkuu BabaTumaini pole na hongera kwa kumfuatilia mtoto, wazazi wetu wengi huku hata uwanjani hawafiki kwa sababu ya shifti.

Mi nilicheza laini ya mbele haiskuli hapa Minnesota miaka mitatu, kazi yangu ilikuwa kumkinga kwotabeki asiguswe. Nimewakinga watatu tofauti, na mwenye mkono mkubwa kuliko wote ndiye tuliyepoteza naye mechi nyingi zaidi. Kwa hiyo ndugu yangu Mwana_Ubungo hapo nakukatalia kwa roho safi.

Ntakuambia kinachotokea pale maana ukiwa jukwaani hukioni. Kabla senta hajaachia mpira kwotabeki anatakiwa awe ameshawasoma wapinzani, hasa wale mabeki wa mwisho wanaoitwa safeti. Yuko mmoja katikati au wawili wamegawana uwanja? Nani anajisogeza mbele kidogo kama anataka kuja kumkamata? Mpira ukishaachiwa ana kama sekunde mbili na nusu, basi, sisi wa laini hatuwezi kumpa zaidi ya hapo kila mara. Ndani ya hizo sekunde anamwangalia mtu wa kwanza, kabanwa, macho yanahamia kwa wa pili, kabanwa, wa tatu, na wakati huo miguu lazima iende pamoja na macho maana ukirusha umesimama vibaya mpira unapaa. Na kuna mtu wa kilo 110 anakuja ubavuni na huruhusiwi kumtazama, unatakiwa umsikie tu. Hiyo ndo kazi yenyewe mkuu, mkono unakuja mwishoni kabisa.

Ndo maana mwaka 2007 kwotabeki JaMarcus Russell alichukuliwa wa kwanza kabisa kwenye drafti, ile siku timu za NFL, ligi kuu ya huku, zinachagua wachezaji wapya, mkono wake watu wanausimulia mpaka leo, na ilipofika 2010 timu yake ilikuwa imeshamwacha. Kwotabeki Tom Brady mwaka 2000 alichukuliwa raundi ya sita, namba 199, yadi 40 alizikimbia kwa sekunde 5.28, hizo ni mbio za watu wa laini kama sisi. Kabeba Super Bowl, fainali ya ligi, mara saba.

Mfano mwingine ninaoupenda ni Mahomes, kwotabeki wa Kansas City, Februari 2020, Super Bowl ya Miami. Kansas City wako nyuma 20 kwa 10, zimebaki kama dakika saba, ni jaribio la tatu kati ya manne na wanahitaji yadi 15 ili waendelee na mpira. Mahomes mwenyewe ndo aliuliza benchi kama muda upo wa kucheza ule mchezo mrefu, maana risiva wake Tyreek Hill anahitaji sekunde za ziada kufika kule, na laini yake lazima imkinge muda wote huo. Akarudi nyuma sana ili ajinunulie huo muda, akaachia, yadi 44. Wakashinda 31 kwa 20. Watu wanasifia umbali wa mpira, ila mi nilisifia lile swali. Kuna mtu pale alikuwa anahesabu pumzi za watu wake wa mbele.

Sasa fanya hivi mkuu. Video za mechi anazo kwenye simu, shule nyingi wanawawekea. Kaeni pamoja, angalieni ile mipira mitatu iliyonyakuliwa, na wewe usiangalie mpira. Angalia helmeti yake tangu senta anapoachia, uone imeelekea wapi na imekaa hapo muda gani. Alafu rudi hapa utuambie.

Mwana_Ubungo

Laini60 nimekusoma, ila na mimi nina langu. Josh Allen yule kwotabeki wa Buffalo alitoka haiskuli ya mji mdogo wa wakulima California, hakuna chuo kikubwa kilichomtaka, akaenda chuo cha miaka miwili, akawaandikia makocha barua pepe nyingi tu, ndo chuo cha Wyoming wakampokea. Mwaka wake wa kwanza NFL 2018 pasi zilizofika zilikuwa asilimia 52.8 tu, watu wakasema hafai. 2020 akafikisha 69.2. Bila ule mkono nani angemvumilia hiyo miaka miwili?

Laini60

Hapo ni kweli, mkono unakununulia uvumilivu wa watu, nakubali kabisa. Ila angalia kilichobadilika kati ya 52.8 na 69.2. Mkono ulikuwa uleule, yeye ndo alijifunza kuweka miguu na kuchagua.

MamaWatatu

Kaka BabaTumaini shikamoo kama umenizidi, mi ni mama, mwanangu wa pili kacheza safeti miaka minne, sasa yuko chuo. Wanaume mnaongelea mikono na macho, mi naomba niongelee ile taulo.

Mtoto aliyefunika uso benchi dakika zote zile hajawaona wenzake wakitoka uwanjani, hajamuuliza risiva wake aliona nini, hajamsikia kocha. Mwanangu alikuwa ananiambia mama, sisi wa ulinzi tukiona kwotabeki wetu kainama tunajua usiku umeisha, na wapinzani wakiona hivyo wanamwandama zaidi. Sio kwamba asiumie. Aumie, ila akae katikati ya wenzake, hata kama hana la kusema. Hicho kitu unaweza kumfundisha wewe baba bila dola 95, na bila kuujua mpira.

La pili, kichwa. Kwotabeki anagongwa akiwa hajajiandaa. Mwambie akihisi kizunguzungu, mwanga unamuumiza, au amesahau mchezo ulikuwa upi, aseme siku hiyohiyo. Kila jimbo lina sheria ya kumtoa mtoto mchezoni akishukiwa kuumia ubongo, lakini sheria inasubiri mtu aone, na hawa watoto wanaficha. Wangu alificha siku tatu, nilikuja kushtuka anakula gizani.

La tatu, shule. Kama ana ndoto ya chuo kikubwa, wanadai masomo 16 ya msingi na wastani usiopungua 2.3 kati ya 4 kwenye hayo masomo, na hesabu inaanza mwaka huu wa kwanza alipo, sio mwaka wa mwisho. Muulize mshauri wa masomo wiki hii hii.

KakaWaKilimani

Mimi niko Nairobi, hizi mechi nazitazama Jumapili kuanzia saa mbili usiku, na Super Bowl naamka saa nane, kwa hivyo mnisamehe kama nitaongea kama shabiki tu.

Hiyo maneno ya kuambiwa ahamie risiva kwa sababu ana mbio, naomba mzee uitazame kwa makini. Kijana mweusi mwenye mbio kuambiwa asicheze kwotabeki ni hadithi ndefu sana huko Marekani. Warren Moon alitoka chuo 1978 hakuchaguliwa na timu yoyote ya NFL, akakataa kubadilisha nafasi, akaenda Kanada akachukua kombe mara tano mfululizo na Edmonton ndipo NFL wakamtafuta, na leo yuko kwenye ukumbi wa magwiji. Lamar Jackson 2018 kuna watu wakubwa walisema wazi awe risiva, akakataa, akachaguliwa wa 32, na msimu wa 2019 akapata tuzo ya mchezaji bora kwa kura zote. Ilibidi ifike Februari 2023 ndipo Super Bowl ikaanza na makwotabeki wawili weusi, Mahomes na Jalen Hurts.

Lakini pia sitaki umchukulie kocha kama adui. Hapo Ohio kwenu kuna chuo cha Kent State, Julian Edelman alikuwa kwotabeki wao, akaingia NFL akageuzwa risiva, na Februari 2019 akawa mchezaji bora wa Super Bowl. Kwa hivyo muulize kocha swali moja, umeona nini kwa mtoto wangu akiwa na mpira mkononi? Akikujibu kuhusu maamuzi, msikilize. Akikujibu mbio tu, mbio, basi hajamtazama bado.

Na kuhusu ile mipira mitatu, mwambie kijana Peyton Manning mwaka wake wa kwanza 1998 alinyakuliwa mipira 28, timu ikashinda mechi 3 kati ya 16, na baadaye akawa mchezaji bora wa ligi mara tano. Na Brady ile Super Bowl ya 2017, kabla ya kurudi kutoka nyuma 28 kwa 3, yeye mwenyewe alikuwa amerusha mpira ukanyakuliwa ukakimbizwa yadi 82 hadi tachidauni, yani bao. Nilikuwa macho siku hiyo. Alianguka chini akijaribu kumzuia yule jamaa, akainuka, akaenda kukaa na wenzake. Ikaisha 34 kwa 28.

BabaTumaini

Wakuu nimerudi na mrejesho, na asanteni sana, MamaWatatu marahaba dada yangu.

Jumamosi nilitoka shifti sikulala, nikamwamsha tukakaa kwenye kochi na simu yake. Nikamwambia leo hatuangalii mpira, tunaangalia kichwa chako. Akanishangaa. Ule wa kwanza, senta kaachia, helmeti imegeuka kushoto na imebaki kushoto. Wa pili, kushoto. Wa tatu tukaurudisha nyuma kama mara sita, na hapo hata mimi nisiyejua kitu niliona, yule safeti wao alianza kukimbia kuelekea kushoto mpira bado uko mkononi kwa mwanangu. Alikuwa anasoma helmeti tu! Na pale kushoto kila mara ni mtu mmoja, rafiki yake waliyekua pamoja tangu darasa la tatu. Kulia kuna kijana yuko peke yake kanyoosha mkono juu, hakuna mtu karibu naye.

Tumaini akanyamaza kidogo alafu akasema, baba huyo wa kulia sijawahi hata kula naye meza moja. Hakuongeza kitu. Akachukua simu akairudisha mwanzo wa mechi, akaanza kuangalia mwenyewe mchezo mmoja mmoja, mi nikasinzia palepale.

Jumatatu nikaenda kwa kocha nikauliza lile swali la KakaWaKilimani. Kanijibu vizuri, nakiri. Kasema mtoto anamkodolea macho mtu mmoja na akikosea anajitenga, ndo maana alitaka amtoe kwenye ule mzigo, mbio alizitaja ili asiniumize. Nikamwonyesha tulichokiona kwenye simu. Tumekubaliana amalize msimu huu akiwa kwotabeki, na kwenye mazoezi ajifunze risiva siku mbili kwa wiki ili ajue mdakaji anaona nini kutoka kule. Yule bwana wa dola 95 nimemwambia asubiri kwanza.

Na jana mama yake kaambiwa apike wali na maharage ya nazi zaidi, Ijumaa kuna mgeni anakuja kulala, yule kijana wa kulia.

Laini60

Aisee. Alhamisi ukikaa jukwaani usihesabu tachidauni, hesabu ni mara ngapi helmeti imetoka kushoto. Ikitoka hata mara tano tu tuandikie.