Wadau wa miradi, timu yangu imekwama kwenye ajaili na msimu wa korosho unakuja

Mwana Shangani aliandika:

Habari za majukumu wakuu. Naombeni ushauri, na mwenye uzoefu asinionee haya, aseme ukweli.

Nipo Mtwara mjini, naongoza timu ya watu 6. Tunatengeneza programu ya simu ya kupokelea korosho kwenye vyama vya msingi. Mkulima analeta magunia, karani anapima, uzito unaingia kwenye simu, mkulima anapata risiti kwa ujumbe mfupi. Mteja wetu ana maghala upande wa Newala na Tandahimba. Minada huanza Oktoba, kwa hiyo Septemba makarani wawe wameshaizoea. Leo ni katikati ya Juni, watu wako mashambani wanapuliza salfa, na mimi nahesabu wiki.

Machi ofisi iliamua tuhamie ajaili, yaani kujenga programu kidogo kidogo na kumwonyesha mteja kila hatua, badala ya kupanga yote mwanzoni. Tukapata mafunzo ya siku mbili, tukabandika ubao ukutani, tukaanza sprinti, yaani vipindi vifupi vya kazi, za wiki mbili mbili. Tumeshamaliza 6, na hali ndiyo hii.

Kikao cha asubuhi cha kusimama kinakula dakika 50. Mkurugenzi yupo kila siku, na kila anayeongea anamgeukia yeye. Kuna kijana mmoja, fundi mzuri sana, siku tisa mfululizo alisema "inaendelea vizuri". Siku ya kumi nikakaa naye pembeni, kumbe amekwama tangu siku ya pili kwenye kuunganisha simu na mizani ya kidijitali. Nikamuuliza mbona hukusema? Akanijibu, "Kaka, ningesemaje mbele ya mzee?" Jibu hilo limenikaa moyoni mpaka leo.

Halafu mteja. Anapiga simu Jumatano anataka ripoti mpya Ijumaa, mkurugenzi anakubali, tunaacha tulichoshika. Ukiangalia ubao, upande wa "inafanyiwa kazi" kuna karatasi 14, kila moja ni kazi moja. Watu 6!

Na mkataba wenyewe una bei moja na vipengele 42 vilivyoandikwa kabla hatujaanza kazi. Huo wepesi wa kubadilika tunaoambiwa utatoka wapi?

Mkurugenzi ameanza kusema turudi utaratibu wa zamani. Nifanyeje? Nawasilisha.

Fundi Ligula:

Pole mkuu. Kabla sijashauri: ndani ya hizo sprinti 6, kuna karani hata mmoja ameshaishika hiyo programu?

Mwana Shangani:

Hapana. Ya kwanza tulijenga hifadhidata, ya pili na ya tatu upande wa seva, ya nne mambo ya nenosiri, ya tano na ya sita skrini. Tulipanga kuwaonyesha Agosti.

Fundi Ligula:

Basi tatizo lenu kubwa ni hilo, kabla hata ya kikao. Mmekata kazi kwa matabaka, kila sprinti inaisha na kitu ambacho hakimfai mtu yeyote ghalani. Huo ni utaratibu ule ule wa zamani uliokatwa vipande vya wiki mbili.

Chukueni kipande chembamba kinachokwenda mwanzo hadi mwisho. Mkulima mmoja, gunia moja, karani anaandika uzito kwa kidole, risiti inatoka. Mizani isubiri, kuandika kwa kidole kunatosha kuanzia. Wale watu 17 waliokutana Snowbird, Utah, Marekani, mwaka 2001 wakaandika ilani ya ajaili, waliweka programu inayofanya kazi mbele ya nyaraka nyingi, na kushirikiana na mteja mbele ya kuvutana juu ya mkataba. Ninyi mna ubao na vikao, ila hayo mawili hamjayagusa.

Na msisubiri Agosti. Nendeni wiki hii.

Dada wa Lindi:

Kaka pole. Mimi nipo Lindi, sisi tulikuwa na mradi wa vituo vya afya, na suala la wazee kikaoni lilitutesa sana.

Mwongozo wa skramu, ile namna ya ajaili yenye sprinti na vikao kama vyenu, unasema kikao cha kila siku ni dakika 15, na ni cha wale wanaojenga, wapangane kuhusu siku yao. Hakikuwekwa kwa ajili ya kumripotia mkubwa. Lakini nakusihi usiende kumwambia mkurugenzi asije. Utamvunjia heshima na utapoteza vyote. Sisi tulimpa mzee wetu nafasi kubwa zaidi: siku ya mwisho ya sprinti anakaa mbele na mteja, anashika simu mwenyewe, anabonyeza, anauliza. Alipoanza kuona kitu kinafanya kazi mkononi mwake, hamu ya kuja asubuhi ikapungua yenyewe.

Kikao chenyewe, acheni kuzunguka mtu kwa mtu. Zungukeni karatasi kwa karatasi, mkianza na iliyo karibu kuisha: "Hii inataka nini ili leo itoke?" Hapo kijana haulizwi amefanya nini, inaulizwa kazi. Kwa malezi yetu tofauti hiyo ni kubwa mno. Mtoto aliyefundishwa kutomsumbua mkubwa hawezi kusema nimekwama, lakini atasema "hii karatasi inahitaji mtu anayejua mizani".

Na wewe kiongozi uwe wa kwanza kutaja ulipokwama. Kila siku, na iwe kweli. Kwetu ilichukua kama mwezi hadi mdogo wa mwisho akafungua mdomo.

Karatasi 14 kwa watu 6 ni nyingi. Wekeni kikomo, tuseme 4, na mpya isianze mpaka moja iishe. Ndiyo kanbani hiyo, chimbuko lake ni viwanda vya Toyota kule Japani, na inawafaa wanaopigiwa simu Jumatano.

Nguzo Tatu:

Mimi natofautiana na wadau. Mteja hapa ni chama, uamuzi unapita kwenye bodi, fedha inapita kwenye mkataba. Haya mambo yanafaa kampuni inayojitengenezea bidhaa yake. Andikeni mpango mmoja, mteja asaini, mjenge.

Mzee wa Mikataba:

Nguzo Tatu ana hoja, mkataba haupuuzwi. Nimesimamia mikataba ya ujenzi miaka mingi, nikushauri hivi mwanangu.

Bei isiguswe, Oktoba isiguswe. Kinachosogea ni ile orodha. Kaa na mteja, mpitie vyote 42, kwa kila kimoja muulize: bila hiki, mkulima atapimiwa korosho yake au hatapimiwa? Vinavyobaki ndivyo vya kuanza. Kisha tengenezeni karatasi ya kubadilishana: kipya kikiingia, cha ukubwa ule ule kinatoka, na anayechagua cha kutoa ni mteja kwa sahihi yake. Simu ya Jumatano itaendelea kupigwa, ila sasa ina gharama anayoiona mwenyewe.

Tena aweko mtu mmoja upande wa mteja mwenye neno la mwisho. Wakiwa watatu mtazunguka mpaka Desemba.

Mwana Shangani (wiki tatu baadaye):

Wakuu, narudi na mrejesho.

Tulitengeneza kile kipande chembamba kwa siku nane, nikapanda gari na yule kijana hadi ghala moja upande wa Tandahimba. Karani alikuwa anagawa salfa, meza yake iko nje chini ya mkorosho. Nikampa simu. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuifunika kwa daftari, maana jua lilikuwa kali na maandishi yetu ya kijivu hayaonekani kabisa. Kisha akatafuta mkulima kwa jina. Yakatoka majina 11 yanayofanana, baba na babu. Akacheka kwa upole, akasema, "Huyu mimi namjua kwa kitongoji chake." Kwenye vile vipengele 42, kitongoji hakimo. Mtandao nao ulikatika mara mbili pale pale, na programu ikapoteza uzito aliouandika. Yule kijana alikuwa anaandika kila kitu mgongoni mwa risiti ya mafuta, na njiani alinieleza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba suala la kuhifadhi bila mtandao halimudu peke yake.

Kikao sasa ni kama dakika 20. Mkurugenzi bado anakuja Jumatatu. Kikomo cha 4 tumekivunja mara moja.

Mteja amekubali karani mkuu awe mwenye neno la mwisho, lakini karatasi ya kubadilishana hajaisaini, anasema imekaa kama ya kumbana. Mzee wa Mikataba, naomba nikutumie rasimu uitazame lugha yake.

Mzee wa Mikataba:

Ilete mwanangu. Na uniambie kwanza ni vipengele vingapi vimebaki kati ya 42.

Mwana Shangani:

17, mzee. Na kitongoji, cha 18.